Ndizi ina jina, mlango hauna

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo hatuna la kuikosoa. Walakini kuna jambo moja ambalo wahenga hawakutwambia: kizuri kikishajiuza, fedha hupewa nani? Na sifa huandikwa kwa jina la nani?

Swali hili limetujia kwa sababu ya ndizi. Tena ndizi yenyewe ni hii mbivu ya kuliwa, ambayo mtoto akitumwa Kongowea hupewa moja ya bure kwa kuwa na adabu. Usiku wa tarehe 20 Novemba 2024, katika nyumba ya mnada ya Sotheby's huko New York, ndizi moja iliyobandikwa ukutani kwa kipande cha utepe wa gundi wa rangi ya fedha iliuzwa kwa dola milioni 6.2. Msomaji, tia hesabu mwenyewe. Kwa shilingi zetu, za wakati ule, ni kama milioni 800.

Mwenye kubuni kazi hiyo ni Maurizio Cattelan, msanii wa Kiitaliano aliyezaliwa Padova mwaka 1960. Aliionyesha mara ya kwanza Desemba 2019 katika maonyesho ya sanaa ya Miami, akaipa jina "Comedian", yaani mchekeshaji, na nakala za mwanzo zikauzwa dola 120,000 kila moja. Papo hapo alitokea msanii mwenzake akaibandua ndizi akaila mbele ya watu. Kazi haikuharibika. Ilichukuliwa ndizi nyingine ikabandikwa pahala pake, mambo yakaendelea. Kwani anunuaye hapewi ndizi hasa. Apewacho ni cheti na maelezo ya namna ya kuibandika. Ndizi ikioza hutupwa, cheti hubaki.

Aliyeinunua mwaka 2024 ni tajiri wa sarafu za mitandao aitwaye Justin Sun. Siku chache baadaye, mjini Hong Kong, aliwaita waandishi wa habari akaimenya ndizi yake mbele yao, akaila. Akasema ina ladha kuliko ndizi nyingine.

Wako waliocheka, na wako waliokasirika. Kwa upande wetu tusingependa kumlaumu mtu kwa kula mali yake. Wala hatutaki kuingia katika ule ugomvi wa miaka zaidi ya mia, tangu Marcel Duchamp alipopeleka bakuli la msalani katika maonyesho ya New York mwaka 1917 akasema ni sanaa. Sisi hapa twataka kumwangalia mtu mwingine kabisa katika kisa hiki, mtu ambaye hakualikwa mnadani.

Ndizi ile ilinunuliwa siku ile ile, katika meza ya matunda iliyokuwa nje ya nyumba ya mnada, kwa senti 35 za Kimarekani. Kwa shilingi zetu ni kama 45. Aliyeiuza alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mtu wa Bangladesh, aliyekuwa akiuza matunda yale kwa mshahara wa saa. Mwandishi wa gazeti moja la huko alipomwendea akamwambia ndizi yake imeuzwa kwa mamilioni, mzee yule alilia. Tajiri alipopata habari alitangaza kwamba atanunua kutoka meza hiyo ndizi laki moja zigawiwe watu. Lakini meza haikuwa ya mzee.

Na tusidhani Cattelan mwenyewe alioga fedha usiku ule. Kazi ilikuwa imekwisha toka mkononi mwake, na Marekani haina sheria ya nchi nzima inayompa msanii wa namna hii fungu lolote kazi yake ikiuzwa mara ya pili. Alilobaki nalo ni jina. Ndizi huliwa, huoza, hubadilishwa, bali jina la Cattelan halibanduki. Na kwa mtu wa sanaa jina ndilo shamba lake; akivuna leo, kesho atapanda tena.

Hapo ndipo tulipojiuliza juu ya mafundi wa hapa petu pwani. Je, wao wana nini mkononi, ndizi au jina?

MASHUA YA KANDAMBILI

Tuanze na habari njema, maana ipo. Septemba 2018 katika kisiwa cha Lamu kilishushwa majini chombo ambacho mfano wake haukuwa umeonekana. Chombo kina urefu wa kama mita tisa, kina tanga na foromali kama mashua yoyote ya Kiswahili, lakini hakina mti wa msonobari wala mkoko katika mwili wake. Mkuku wake, mataruma yake na mbao zake ni plastiki: chupa, ndoo, vigae vya viti na takataka zilizookotwa pwani na mitaani, zikasagwa, zikayeyushwa, zikamiminwa katika kalibu hata zikawa mbao. Uzani wa plastiki iliyoingia ndani yake ni kiasi cha tani 10. Kisha ubavu wote ukavikwa vipande vya kandambili zilizotupwa na bahari, kama 30,000, nyekundu kwa buluu kwa manjano, hata chombo kikawa kama leso iliyoanikwa juani. Kikaitwa Flipflopi.

Wakati ule ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki, Agosti 2017, na ulimwengu ulikuwa ukitutazama. Januari na Februari 2019 mashua ilitweka tanga kutoka Lamu, ikashuka pwani yote hata ikatia nanga Unguja, masafa ya kilomita 500, ikipita kila bandari na kufundisha watu juu ya taka za baharini. Mwaka 2021 ilipelekwa Ziwa Viktoria kwa kazi hiyo hiyo. Picha zake zimezunguka dunia nzima.

Sasa msomaji sikiliza jambo lililotufurahisha zaidi ya rangi zile. Aliyekuwa na wazo la safari hii ni Ben Morison, mtu wa biashara ya utalii. Lakini kila ilipotajwa mashua, palitajwa pia fundi aliyeiunda: Ali Skanda wa Lamu, mchongaji na muunda vyombo. Fundi huyu na wenzake walikabiliwa na kazi ambayo babu zao hawakuwaachia wasia wake. Mbao ya plastiki haina nyuzi kama mti. Ikipata joto hulegea, msumari haushiki vilevile, na randa haipiti vilevile. Ilibidi wajifunze upya kwa mikono yao, huku wakifuata mkao wa mashua waliourithi. Huo ndio ubunifu: mtu anayejua ya kale barabara hata akaweza kuyatenda kwa kitu kigeni. Na jina la fundi limeandikwa pamoja na jina la chombo.

Tukipanda Nairobi twamkuta Cyrus Kabiru, aliyezaliwa huko mwaka 1984. Yeye huokota waya, vijiko, vifuniko vya chupa na vyuma vibovu akatengeneza miwani ambayo haisaidii macho kuona, ila yamfanya kila mtu amtazame aliyeivaa. Asili ya kazi yake ni kwamba alipokuwa mtoto alitamani miwani, na babake akamwambia ajitengenezee mwenyewe. Naye akajitengenezea. Miwani hiyo ameipa jina la "C-Stunners", na mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa katika maonyesho makubwa ya ubunifu wa Afrika kwenye jumba la Vitra, Ujerumani. Takataka za Nairobi zimefika katika majumba ya Ulaya zikiwa na jina la mwenyewe mgongoni. Vivyo hivyo El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi zake Nsukka, Nigeria, ambaye huunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya hata vikawa mapazia makubwa yanayometa kama nguo za wafalme. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote.

Watu hawa wawili, na Skanda wa tatu, wamechukua vitu visivyo na thamani wakavitia thamani. Kwa hiyo kisa chao hakifanani na cha ndizi. Walioweka ndizi ukutani waliongeza utepe. Hawa wameongeza jasho, ujuzi na miaka. Lakini wamefanana na Cattelan kwa jambo moja ambalo twawapongeza kwalo, nalo ni kuwa hawakuliacha jina nyumbani.

LESO NA MWENYE MANENO

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Chukua leso, ambayo wengine huiita kanga. Hakuna kitu cha ubunifu kilichoenea katika Afrika ya Mashariki kama hiki. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini. Mwanamke huzaliwa akapokewa kwa leso, akaolewa kwa leso, akafunikwa kwa leso. Kitambaa hiki chasema pale ulimi unapoona haya. Jirani amemsengenya mwenziwe, hajibiwi neno; siku ya pili yule aliyesengenywa atapita mlangoni kwake na leso, na jirani atasoma mwenyewe mpaka macho yamtoke.

Hapa Mombasa, katika barabara ya Biashara, liko duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, na mpaka leo leso zake zajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Alama hiyo mama zetu waliiamini kama watu wanavyoamini muhuri wa sarafu. Wakiiona hawakuuliza tena kama rangi itachuja. Mfanyabiashara alifanya la haki, akatia jina lake katika bidhaa yake, na jina likamlipa zaidi ya miaka mia. Twampongeza. Lakini tazama leso yoyote, ya duka lolote, umtafute mtu aliyetunga ule msemo. Umtafute na yule aliyechora mji na pindo. Hutampata. Mtunzi wa mashairi akitunga beti nne huweka jina na anwani chini yake. Mtunzi wa leso ametunga mstari mmoja unaovaliwa na watu elfu kumi, na hajulikani ni bibi wa Kibokoni au karani wa dukani.

Na ulimwengu wa sanaa umekwisha ligundua hazina hili. Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954 akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa katika sanaa ya nchi ile, naye akachaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2026. Miongoni mwa kazi zake mashuhuri ni picha alizozichora kwa mtindo wa kanga, zikiwa na pindo, na mji, na maneno yake chini. Bibi huyu hakuiba kitu. Amerudia chake, na kila mara hueleza alikokitoa. Twamtaja ili tuonyeshe kwamba leso yaweza kutundikwa katika jumba lolote la dunia. Ikitundikwa ile ya Himid, chini yake pana jina la Himid. Ikitundikwa ya mama zetu, chini yake huandikwa "Afrika ya Mashariki, karne ya ishirini". Je, Afrika ya Mashariki ndiyo iliyoshika kalamu?

KIATU CHA KOLHAPUR

Wengine watasema haya ni mambo ya fahari tu, na fahari hailiwi. Hasha! Hulika sana, na ushahidi uko karibu.

Juni 2025 kampuni ya mavazi ya Prada ilionyesha mavazi yake ya kiume mjini Milan. Miguuni mwa vijana wale mlikuwa na ndara za ngozi za wazi, zenye gidamu na mshono. Wahindi walipoziona picha walipiga kelele: hizi ni ndara za Kolhapur! Mafundi wa sehemu hizo za Maharashtra na Karnataka wamezishona kwa mamia ya miaka, na tangu mwaka 2019 jina lake lalindwa kwa sheria ya India kuwa ni mali ya mahali pale. Katika maonyesho ya Milan hapakutajwa Kolhapur wala India. Kelele zilipozidi, kampuni ilikiri kwa barua kwamba ndara zile zimetokana na ufundi wa Kihindi. Kisha Desemba mwaka ule ule yakatangazwa mapatano ya kutengeneza jozi 2,000 huko huko India, kwa mikono ya mafundi wenyewe, ziuzwe kwa bei ya kama euro 800.

Ona basi nguvu ya jina. Kabla ya jina kutajwa, fundi wa Kolhapur alikuwa mtazamaji. Jina lilipotajwa, akawa mshirika. Lau Wahindi wasingekuwa wamekwisha liandikisha jina lile mwaka 2019, wangelia, na kilio chao kingepita na upepo.

Nasi tuna makubadhi. Na hapa mwandishi ataomba radhi aseme kwa nafsi yake.

Zamani, nilipokuwa kijana, nilinunua jozi ya makubadhi kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibaraza katika Mji wa Kale. Alinipima mguu kwa uzi, akaniambia nirudi baada ya Ijumaa mbili. Nilipoyavaa sikutamani kuyavua. Nakshi zake zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, na soli ilikuwa imekaa kama iliyoota na mguu. Nilisali nayo Idi nyingi, nikaenda nayo arusi zisizo na idadi. Miaka ikapita, gidamu ikakatika, nikayachukua nikaenda kumtafuta mzee ayatengeneze. Pale kibarazani nikakuta kijana anauza vifuniko vya simu. Nikamwuliza habari za mzee wa makubadhi. Akasema alisikia alifariki zamani. Jina lake nani? Hajui. Nikauliza jirani, nikauliza na msikitini. Wote walimkumbuka, na wote wakamtaja kwa jina moja tu: "yule mzee wa viatu". Nami niliyemvaa miguuni miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeyashika makubadhi mkononi. Nilitaka kumwombea dua, nikakosa la kutaja.

Hilo si kosa langu kubwa. Kosa kubwa ni hili. Miaka mingi iliyopita niliandika makala marefu juu ya milango ya nakshi ya pwani. Nilieleza habari za miimo na mfaa, na mnyororo uliochongwa pembeni, na waridi la katikati. Nilitaja masultani, na wasafiri wa Kizungu walioisifu, na matajiri walioijengesha. Watu wakaniandikia kunishukuru. Hivi karibuni nimeyasoma tena makala yale, na katika maneno yote yale hamna jina la mchongaji hata mmoja. Nilikuwa nimekaa na wachongaji siku tatu. Nimekunywa kahawa yao.

SHERIA YAJUA MLANGO

Tena si mimi peke yangu. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi, ya mwaka 2006, yautaja waziwazi mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 kuwa ni kitu cha kulindwa. Hiyo ni sheria njema, maana bila ya hiyo milango yetu yote ingekwisha pakiwa ikawa meza za kahawa katika nchi za watu. Mji wa Kale wa Lamu nao umo katika orodha ya turathi za dunia tangu mwaka 2001. Mlango umelindwa. Mji umelindwa. Mtu aliyeshika patasi hayumo.

Milango mingine, ukiitazama vizuri, ina maandishi. Kuna aya, kuna mwaka, na baadhi yake ina jina la mwenye nyumba. Aliyelipa aliandikwa na aliyechonga, naye akamwandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha akakusanya vumbi la mbao akaenda zake.

Najua jibu la wazee wetu. Watasema kutia jina ni ria, na kazi njema haitaki kujionyesha. Mola amjua aliyeifanya. Mimi nami nimelelewa chuoni, nimeandika katika ubao kwa wino wa masizi, na maneno haya nayaheshimu. Lakini twende Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mji ule zamani ulisifika kwa mambo mawili: ufundi wa ngozi na unakili wa misahafu. Wanakili wa zamani, katika nchi zote za Kiislamu, walipomaliza kazi walikuwa na desturi. Katika ukurasa wa mwisho waliandika tarehe, kisha wakajiita fakiri, mja mwenye dhambi, mhitaji wa rehema za Mola wake, kisha wakataja jina lao na la baba yao. Wakamwomba msomaji awaombee maghufira, na akiona kosa alisahihishe. Je, hiyo ni ria? Mtu aliyejiita fakiri hajivuni. Alitia jina ili apate dua, na ili likionekana kosa lijulikane ni la nani. Watunzi wetu wa tenzi nao aghalabu walifanya vivyo hivyo mwishoni mwa kazi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake hayakuwekwa katika kitabu kilichopigwa chapa mpaka mwaka 1940. Miaka yote ya katikati yalishikwa na vifua vya watu, hasa Mwalimu Sikujua, na jina lake likashikwa pamoja nayo. Basi desturi ya jina ni yetu. Tuliitumia katika karatasi, tukaisahau katika mti, ngozi na nguo.

La ajabu ni kwamba waliotutangulia katika jambo hili ni wale tunaowakemea kila siku. Wachoraji wa matatu wa Nairobi, vijana wanaopaka magari picha za waimbaji na wacheza mpira kwa rangi ya kupuliza, wanapomaliza hawasahau kutia alama yao pembeni. Mwenye gari akitaka gari lake livutie abiria amjua wa kumwendea. Mchoraji mzuri hupanda bei, mbaya hupungukiwa. Tuwacheke kwa makelele ya muziki wao tukitaka, lakini katika hili wametushinda.

LA KUFANYA

Hatuandiki haya ili tulie. Sheria zipo. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni, na ndani yake serikali za kaunti zimepewa wajibu wa kuziandikisha. Mwaka 2019 sheria ya hakimiliki ilirekebishwa, ikaingizwa haki ya msanii kupata fungu kazi yake inapouzwa tena, haki ambayo Cattelan hakuipata kule New York. Kwa hiyo katika karatasi, mchoraji wa Mombasa ana jambo ambalo mwenye ndizi ya mamilioni hana! Lakini fungu hilo litamfikiaje mtu ambaye jina lake halimo katika kazi? Daftari la kaunti litaandikwa nini, "yule mzee wa viatu"?

Kwa hivyo twasema hivi. Fundi, utiapo nakshi ya mwisho, tia na jina lako na mwaka. Si lazima liwe kubwa wala liwe mbele. Nyuma ya mlango, chini ya soli, ndani ya pindo, patatosha. Kama kazi ni ya watu watano, tajeni fundi mkuu na mji wenu. Mnunuzi, kabla ya kuuliza bei ya mwisho, uliza jina. Mwenye hoteli uliyetundika ngalawa ukumbini na kasha la njumu mlangoni, weka kibao kidogo kiseme ni kazi ya nani. Wenye maduka ya leso, mwandikeni aliyetunga msemo. Mtaona watunzi wazuri watakavyowajia, na msemo wa leso utarudi kuwa na makali.

Na ukurasa huu nao utajifunga. Kuanzia leo hatutachapisha hapa picha ya kitu kilichotengenezwa kwa mkono, kiwe kiti, kiwe kofia, kiwe mashua, bila ya kumtaja aliyekitengeneza. Tukiuliza tukamkosa tutaandika kwamba tumemtafuta hatukumpata, ili msomaji anayemjua atuletee jina lake. Na yeyote anayemkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akishona makubadhi katika Mji wa Kale, akipima mguu kwa uzi, twamwomba atuandikie. Makubadhi yake yapo, na gidamu bado imekatika. Sitaki mtu mwingine aitengeneze kabla sijajua ni nani aliyeitia ya kwanza.

Fundi tia lako jina, lisije likapotea,
Wajukuu wakiona, dua watakuombea,
Mwenye kununua tena, kwako ataelekea,
Chema kisicho na jina, mwizi hukinyemelea.